Sanduku Nililolipima kwa Shibiri

Kama hukuwa nami wiki iliyopita, nikuweke sawa kwa maneno machache. Mimi ni mwanamke fundi wa kusaga lenzi za miwani. Nilimtengenezea dada yangu sanduku la kuonea, nikitumia vipande vya mbao na vioo nilivyookoteza kazini. Sanduku likamrudisha kwenye cherehani. Watu wakaliona, wakalitaka, nikaanza kuwatengenezea na wao. Yakafika ishirini na matatu. Redio ikanihoji. Kisha Jumanne moja asubuhi, chai bado mkononi, mtu wa pikipiki akaniletea bahasha ya kaki. Nikaifungua nikiwa mlangoni.

Hapo ndipo nilipoishia. Leo nitakueleza kilichokuwemo ndani ya ile bahasha. Nitakueleza pia jambo ambalo wiki zote hizi nimelipiga chenga.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, imeandikwa na mwanasheria wa kampuni moja ya vifaa vya macho. Ilisema sanduku langu ni mali yao. Mbao na gundi hawakuzitaka. Walichodai ni ile namna linavyofanya kazi. Walikuwa na hataza, ile hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi ili mtu mwingine asichukue uvumbuzi wake na kuufanyia biashara.

Nilipewa siku kumi na nne. Niache kutengeneza. Nitaje majina ya wote niliowauzia. Niyakusanye masanduku yote, niyapeleke ofisini kwao.

Yote. La Dada likiwemo.

Nilimkuta Dada kwenye chumba chake cha kushonea, kichwa amekiinamisha juu ya sanduku, mguu unakanyaga cherehani. Alikuwa na kazi ya majoho ya chuo, themanini kwa jumla, na alikuwa ameshavuka nusu.

Dada ana doa katikati ya macho yote mawili. Ukimsimamia mbele anaona masikio yako na mabega, uso hauoni. Lilipoanza, alimshonea mteja suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Mteja alicheka na Dada akacheka naye. Mteja alipotoka, Dada akaifunika cherehani kwa shuka kama maiti, na haikufunuliwa kwa miaka miwili.

Sanduku ndilo lililoifunua. Ndani yake mna lenzi mbili za kukuza, na kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa, kinachoteleza kwenye mfereji. Ukikisogeza kile kioo, picha inahama. Inaondoka katikati ya jicho, palipokufa, inakwenda pembeni, ambako jicho bado lina uhai. Ni hivyo tu. Siku ya kwanza Dada aliinama na kuliona tundu la sindano. Alitunga uzi, akauchomoa, akatunga tena, akauchomoa, mpaka nikamwambia dada, utaumaliza uzi.

"Zima mashine kidogo," nikamwambia.

"Nimebakiza pindo. Sema tu, masikio hayajaziba."

Nikamsomea barua. Alisikiliza mpaka mwisho, mguu juu ya kikanyagio.

"Rudia hapo pa kukusanya."

Nikarudia.

"Waje wenyewe," akasema. "Waje na gari lao wanikute nimekaa hapa hapa. Waninyang'anye huku nawaangalia. Nitawaangalia kwa pembeni, lakini nitawaangalia."

"Dada, hii ni sheria."

"Sheria gani ya kumng'oa mtu jicho? Kwani umemwibia nani? Si kitu ulichokitoa kichwani mwako? Mbona redioni ulieleza vizuri, mpaka mimi nikalia?"

"Ndiyo," nikasema. "Nilikitoa kichwani."

Msomaji, lishike hilo jibu.

Ofisi ya mwanasheria niliyempata siku ya tisa ilikuwa juu ya duka la rangi, na kila karatasi mle ndani ilinuka tina ya kuyeyushia rangi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu aliyechoka na darasa. Kampuni ilikuwa imeambatanisha kurasa chache tu za hataza yao, mchoro na orodha ya madai. Akazitandaza mezani na kalamu nyekundu.

"Hapa kuna madai tisa," akasema. "Dai la kwanza ndilo mama wa mengine yote. Nitakusomea, wewe unijibu ndiyo au hapana. Usinipambie. Lenzi mbili za kukuza zilizopangwa juu na chini?"

"Ndiyo."

"Kioo kilichoinamishwa kati ya lenzi na mtazamaji?"

"Ndiyo."

"Kioo hicho kinasogezwa ili picha iende pembeni mwa jicho?"

"Ndiyo. Lakini mimi nimetengeneza nyumbani, mama. Juu ya meza ya kulia. Kwa msumeno wa kukatia mabomba!"

"Hata ungetengeneza kwa meno. Ungetengeneza kimoja cha dada yako, kikakaa ndani kwake, pengine wasingepoteza muda na wewe. Umeuza ishirini na viwili vingine. Umekwenda redioni."

"Sikujua kama kuna hataza."

"Nakuamini. Na haikusaidii."

Akatazama tarehe kwenye barua.

"Waliomba miaka mitatu iliyopita, wakapewa mwaka huu. Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu mlango uko mmoja tu. Hataza hutolewa kwa kitu kipya. Kama kitu hicho kilikuwa kinatumika mbele za watu kabla ya wao kuomba, basi hakikuwa kipya, na hataza yao inaweza kufutwa. Sanduku lako la kwanza ulilitengeneza lini?"

"Mwaka jana."

"Umechelewa. Na hujawahi kuona kitu kama hiki mahali popote kabla ya hapo? Fikiri. Dukani, hospitalini, kwa fundi mwenzako?"

Niliangalia dirishani. Chini, mtu alikuwa anapakia ndoo za rangi kwenye mkokoteni, moja baada ya nyingine.

"Hapana," nikasema. "Nililitoa kichwani mwangu."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Basi tuna siku tano za kuwaomba huruma," akasema, akafunga faili. "Nitaliomba jalada zima la hataza, tuone mvumbuzi ni nani. Ukikumbuka chochote, nipigie. Saa yoyote ya kazi."

Nilishuka ngazi nikishika ukuta. Nilikuwa nimemdanganya mtu pekee aliyeweza kunisaidia.

Sasa nitalisema.

Nilijifunza kazi ya lenzi kwa fundi mmoja mzee tuliyempa jina la Bwana Milimita, kwa sababu alipima kila kitu, hata vipande vya mkate. Yeye naye alinipa jina, akaniita Haraka. Mkewe alikuwa na ugonjwa ule ule wa Dada. Bwana Milimita akamtengenezea sanduku, na mkewe akawa anakaa nalo kwenye dirisha la karakana, upande wa barabarani, anasoma gazeti kuanzia asubuhi mpaka tunafunga. Wapita njia walisimama kumtazama. Sisi wanafunzi tukamwita Bi Dirisha. Tulimcheka kwa siri, namna alivyoingiza kichwa mle ndani kama kuku anayetafuta punje.

Hiyo ni miaka kumi iliyopita.

Macho ya Dada yalipozima, nilikumbuka lile sanduku. Nilijaribu kulitengeneza kwa kukumbuka tu, nikashindwa. Picha ilikuwa inapinda, kioo kinakataa. Basi nikamtembelea Bwana Milimita nyumbani kwake, baada ya miaka mingi ya kutomjulia hali. Nilibeba sukari kilo mbili. Nikasema nimekuja kuwasalimu.

Sanduku lilikuwa mezani. Bi Dirisha alikuwa amelala chumbani. Nikamwomba mzee maji ya kunywa. Alipoingia jikoni, nikalipima sanduku kwa shibiri na vidole, urefu, kina, mwinamo wa kioo, umbali wa lenzi, na namba nikazigeuza kuwa sentimita, nikaziandika kwa kalamu kwenye kiganja changu. Mzee aliporudi na bilauri, nilikuwa nimekaa nimekunja mikono kama mkwe mwema.

Ningeweza kumwomba. Angenipa. Nadhani angekaa na mimi mchana mzima akinieleza. Lakini kuomba kungenifanya mwanafunzi tena, na mimi nilitaka kumtokea Dada kama mtu aliyegundua. Mtangazaji wa redio aliponiuliza, "Wazo hili ulilipata wapi?" nikajibu kwamba lilinijia nikiwa naosha vyombo.

Nilimweleza Dada mchana ule ule niliotoka kwa mwanasheria. Safari hii alizima mashine bila kuombwa.

"Kwa hiyo lile la kuosha vyombo?"

"Uongo."

"Na mimi nimeshawaambia wateja wangu wote. Nimewaambia mdogo wangu ana akili ambayo hakufundishwa na mtu." Aligeuza uso ukutani, kama anavyofanya akitaka kunitazama vizuri, maana ndivyo ninavyoingia pembeni mwa jicho lake. "Ulipokuwa unaandika kwenye kiganja, hukusikia hata aibu?"

"Nilisikia."

"Ukaendelea kuandika."

"Nikaendelea."

Nje watu walikuwa wanapita wanacheka. Mwishoni akaokota mkasi, akakata uzi uliokuwa unaning'inia kwenye joho, akasema, "Nenda kwake. Na usiende na sukari."

Nilikwenda kesho yake saa nane mchana.

Bwana Milimita alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amepungua, shati limekuwa kubwa, lakini kalamu ya risasi ilikuwa pale pale nyuma ya sikio. Bi Dirisha alikuwa kwenye kiti cha uvivu karibu na redio, anakunja nguo kwa kuzipapasa, akitafuta pindo kwa kidole gumba.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, Haraka," mzee akasema. "Pita ukae."

"Marahaba mwanangu," akasema Bi Dirisha. "Sauti yako imenenepa. Ni ya redioni."

Nilikaa ukingoni mwa kochi. Meza ilikuwa tupu. Sanduku halikuwepo.

"Tulikusikia," mzee akasema. "Ulieleza vizuri. Hasa pale pa kuosha vyombo."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikashuka kwenye kochi, nikapiga magoti sakafuni, nikasema yote bila kusita, kwa sababu nilijua nikisita sitamaliza. Maji niliyoomba. Shibiri. Kiganja. Ishirini na matatu. Barua.

Alinisikiliza akitazama mikono yangu.

"Inuka," akasema. "Nilijua siku ile ile. Ulipopokea bilauri ulinifungulia kiganja chote, kimejaa namba. Nikajisemea, nyamaza, ana mgonjwa huyu, atakuja kuniambia. Kwanza ulikosea. Kina chake ni sentimita ishirini na mbili na nusu. Wewe uliandika ishirini na mbili."

"Ndiyo maana picha inapinda kwenye kona," nikasema, kabla sijajizuia.

"Ndiyo maana."

Kwa muda mfupi tukawa fundi na mwanafunzi wake, na nusura tucheke. Kisha uso wake ukafunga.

"Kulichukua sikukasirika. Nilikasirika uliposema hukufundishwa na mtu. Nilikaa kwenye kiti hiki, nikasikia miaka yangu yote inafutwa kwa sabuni ya vyombo. Basi walipokuja wale mabwana wa kampuni kuniuliza kama namfahamu mwanamke wa redioni, niliwajibu namfahamu." Akashusha pumzi. "Anwani yako niliwapa mimi, Haraka."

Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, na sasa sikujua nani amsamehe nani.

"Uliwafahamu wapi hao watu, baba?"

Aliangalia ukuta, juu ya redio. Nami nikaangalia. Palikuwa na fremu mpya ya dhahabu, na ndani yake karatasi nzito yenye muhuri. Nikasogea. Nilisoma neno hataza. Nikasoma namba, na ilikuwa ile ile ya kwenye barua yangu. Chini, kwenye nafasi ya mvumbuzi, lilikuwepo jina lake kamili, ambalo sisi wanafunzi tulikuwa hatulitumii kamwe.

"Ni yako," nikasema.

"Jina ni langu. Mali ni yao. Walinikuta miaka mitatu iliyopita, wakalipiga picha sanduku, wakaniambia mzee, hiki kitu kinahitaji kulindwa. Nikatia saini." Aligusa fremu kwa ncha ya kidole. "Miaka arobaini nimesaga macho ya watu. Nimesaga ya majaji, ya mahakimu, ya walimu. Hakuna hata kijiko duniani chenye jina langu. Sasa kipo hiki."

Hapo akili yangu ikaanza kwenda mbio. Niliyakumbuka maneno ya mwanasheria. Mlango mmoja tu.

"Baba, lile sanduku lilikaa dirishani miaka mingi kabla ya hawa watu kuomba. Mtaa mzima ulikuwa unaliona. Mwanasheria wangu anasema kitu kilichotumika mbele za watu si kipya. Ukisema hivyo tu, neno hilo tu, wanalazimika kuniacha. Dada atabaki na lake. Wale wengine watabaki na yao."

"Siwezi."

"Ni ukweli, baba."

"Najua ni ukweli!" Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akipaza sauti. "Kulikuwa na karatasi ya pili. Waliniuliza kama kitu hiki kimewahi kutumika hadharani. Nikawaambia kilikaa dirishani. Wakatazamana. Wakaniambia mzee, pale palikuwa kama nyumbani kwako, andika hapana. Nikaandika hapana. Nikaapa. Nikatia saini mbele ya wakili. Nikisimama leo niseme kilikaa dirishani, nimekula kiapo cha uongo kwa mkono wangu mwenyewe. Watanipeleka wapi? Na ile fremu itashushwa."

"Na sanduku lenyewe liko wapi?"

"Walilichukua. Baada ya redio yako. Walisema likae kwao, salama."

Kitu kikaanguka. Bi Dirisha alikuwa ameachia shati alilokuwa analikunja.

"Walilichukua?" akasema.

Bwana Milimita akafumba macho.

"Uliniambia limekwenda kutengenezwa," Bi Dirisha akasema. "Uliniambia lenzi ya juu imepasuka. Mwezi wa pili huu nakaa hapa napapasa nguo, kila asubuhi nakuuliza limefikia wapi, unanijibu bado gundi haijakauka."

"Mke wangu, nilitaka kwanza..."

"Gundi gani hiyo ya miezi miwili?"

Mimi nilisimama katikati yao, mikono sijui niiweke wapi.

Bi Dirisha akainuka. Alishika mgongo wa kiti, akavuka chumba polepole, mkono mbele, mpaka akaufikia ule ukuta wenye fremu. Akakipapasa kioo chake, kona hadi kona.

"Siku walipoileta hii tulikula pamoja, nikakupongeza," akasema. "Ulisema umetia saini ili upate jina. Hukuniambia kwamba umetia saini pia kuwa mimi sikuwahi kukaa pale dirishani. Miaka sita! Nimesoma magazeti ya miaka sita pale, watoto wananichungulia, wanafunzi wako wananicheka."

Uso ukaniwaka moto.

"Ndiyo, nilikuwa nawasikia," akaniambia bila kugeuka. "Macho ndiyo yaliyokuwa mabovu. Na nilicheka nanyi, maana nilikuwa nasoma. Hao ishirini na watatu wako ni watu gani?"

"Yupo mwalimu mmoja, mama. Yupo mpokea simu wa hospitali. Wengine ni wazee tu, wanataka kusoma barua za watoto wao. Mmoja ni dada yangu. Ni fundi cherehani."

"Mwanasheria wako ana simu?"

"Anayo."

"Mpigie. Mimi sikula kiapo chochote. Hakuna aliyekuja kuniuliza mimi, na mimi ndiye niliyekuwa dirishani. Nitamweleza tangu siku ya kwanza."

"Mke wangu," akasema Bwana Milimita, na sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa, "ukimweleza, umenifunga."

"Sijui kama watakufunga. Najua tu kwamba siwezi kuendelea kuwa mtu ambaye hakuwepo."

Nilitoa simu. Nikakosea namba mara mbili. Niliifikiria cherehani chini ya shuka. Niliufikiria pia mkono wa mzee huyu juu ya mkono wangu, miaka kumi iliyopita, akinifundisha kuilaza lenzi kwenye jiwe bila kuikwaruza. Nilikuwa nimeshamwibia mara moja nyumbani humu humu. Sasa nilikuwa nimesimama pale pale, nikijiandaa kumchukulia kilichobaki, safari hii mbele ya macho yake.

Nikabonyeza.

Simu ikaita mara moja. Bwana Milimita akanijia, akanyoosha mkono. "Nipe nizungumze naye mimi kwanza, Haraka. Tafadhali. Niache nitafute maneno yangu mwenyewe."

Ikaita mara ya pili. Bi Dirisha naye akageuka, akanyoosha wake mahali aliposikia mlio. "Usimpe," akasema. "Atakata."

Nikawatazama wote wawili. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na haraka yoyote.

"Haloo?" mwanasheria akasema kwenye simu. "Fundi, ni wewe? Ongea basi, nakusikia unapumua."